Ununuzi wa Serikali: Daftari Tunalo, Tulisome

Kila unapoingia mwezi wa Juni, taa za ofisi za ununuzi Serikalini huchelewa kuzimwa. Mwaka wa fedha wafunga tarehe 30, na fungu lisilotumika halina uhakika wa kurudi mwakani. Hapo ndipo hati za ununuzi huandikwa kwa haraka, mabohari hujaa, na kitu ambacho mwezi wa Machi hakikuwa na mtu wa kukiulizia hugeuka ghafla kuwa cha dharura. Hali hii si ya Visiwani peke yetu; serikali nyingi duniani zaijua. Tumeanza nayo kwa sababu kila afisa anayesoma safu hii ameiona kwa macho yake, lakini ni wachache waliowahi kuiona ikiwa imepimwa: ni sehemu gani ya ununuzi wa mwaka mzima hufanywa katika wiki nne za mwisho, kwa bei gani, na kutoka kwa nani. Maswali hayo yajibika. Majibu yake yamo katika karatasi ambazo Serikali yenyewe imeziandika.

Wazee wetu walituachia neno kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi hatuwezi kudai kwamba hatuna daftari. Tunayo Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma, Namba 11 ya mwaka 2016, na Mamlaka iliyopewa kazi ya kuisimamia. Upo mfumo wa zabuni kwa njia ya kielektroniki, unaoitwa e-PROZ. Ndugu zetu wa Tanzania Bara nao wana mfumo wao, NeST, ulioanza kazi mwaka 2023, mwaka ule ule ilipotungwa sheria yao mpya ya ununuzi. Kila tangazo, kila bei na kila mkataba unaopita katika mifumo hiyo huacha alama yake. Ofisi ambazo zamani zilitunza mafaili katika makabati yenye mchwa leo zaweza kuita kumbukumbu za mwaka mzima kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Kwa hiyo upungufu wetu haumo sana katika kuandika. Umo katika kusoma, na hasa katika kusoma hati nyingi kwa pamoja.

Tueleze maana yetu. Mkaguzi afunguapo faili moja la ununuzi huangalia kama pana maombi, kama pana bei za wauzaji watatu, kama Bodi ya Zabuni ilikaa, kama saini zimetimia na mhuri umepigwa. Faili likiwa na vyote hivyo hulifunga na kushika jengine. Lakini mbadhirifu wa siku hizi hachani karatasi wala haruki hatua. Yeye hutimiza kila hatua. Kampuni tatu zilizoleta bei huenda zikawa za ndugu watatu, au za mtu mmoja mwenye mihuri mitatu. Leo hushinda ya kwanza, mwezi ujao ya pili, na zamu huendelea. Kila faili likitazamwa peke yake ni safi. Yawekeni mafaili thelathini ubavu kwa ubavu, na mtaona majina yale yale, sanduku la posta lile lile, namba ya simu ile ile, na tofauti ya bei ambayo kila mara ni ndogo kwa kiasi kile kile. Kosa halimo ndani ya faili. Limo baina ya faili na faili. Huko baina ndiko uchambuzi wa takwimu hufanya kazi yake. Si uganga, wala si mashine inayojua yaliyomo nyoyoni mwa watu.

Mfano mzuri umetoka Uswisi, nchi isiyotajwa mara kwa mara katika habari za ubadhirifu. Katika eneo la See-Gaster, jimbo la St. Gallen, wakandarasi wa barabara walikuwa wakigawana kazi kwa siri. Watumishi wa tume ya ushindani ya nchi ile walizichukua bei zilizowasilishwa katika zabuni za miaka kadhaa na kuziuliza maswali mawili tu. La kwanza, bei za washindani zimetawanyika kiasi gani? Watu wanaoshindana kwa kweli, kila mmoja akiwa na gharama zake na makisio yake, hawatoi bei zinazokaribiana mno. La pili, pengo lililopo kati ya bei ya mshindi na bei ya wa pili yake je, ni kubwa kuliko mapengo yaliyopo baina ya walioshindwa wenyewe? Palipo na njama, wale waliopangiwa kushindwa hujikusanya pamoja juu ya bei ya aliyepangiwa kushinda, na huacha nafasi ya kutosha ili asije mmoja wao akashinda kwa bahati mbaya. Bei za See-Gaster zilikuwa na alama zote mbili. Tume ilifungua uchunguzi mwaka 2013, ikaingia katika ofisi za kampuni zile, ikapata ushahidi, na mwaka 2016 ikatoa uamuzi wa kuwatoza faini. Twawaomba wasomaji wauangalie mpangilio wa mambo: hesabu ilitangulia, uchunguzi ukafuata, uamuzi ukaja mwisho. Hesabu haikumhukumu mtu yeyote.

Korea ya Kusini iliifanya kazi hiyo kuwa ya kila siku. Mfumo wake wa ununuzi wa kielektroniki ulianza mwaka 2002, na mwaka 2006 tume ya nchi hiyo inayosimamia biashara ya haki ikaweka chombo cha kupokea matokeo ya zabuni kutoka ofisi za umma na kuyapa alama, kwa kutazama idadi ya washindani, bei ya mshindi ikilinganishwa na makisio, na mambo kama hayo. Zabuni ikizidi kiwango, afisa huambiwa aitazame. Nchini Brazil, mahakama ya ukaguzi wa hesabu ya shirikisho ina programu iitwayo Alice, inayosoma matangazo ya zabuni yakiwa bado ni matangazo, ili mkaguzi apate onyo kabla fedha haijatoka. Hili la kabla ndilo kubwa kwetu. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ni kazi ya lazima na yenye heshima, na wajumbe wa Baraza la Wawakilishi huijadili kwa uchungu. Lakini hutufikia chakula kimeshaliwa na sahani zimeshaoshwa.

Shirika la nchi zenye viwanda, OECD, hukadiria kwamba kuondoa njama katika zabuni kwaweza kushusha bei kwa asilimia 20 au zaidi. Asilimia ni neno kavu. Maana yake ni kwamba kwa fedha zinazonunua madawati manne, skuli ingepata matano. Mtoto wa tano ndiye anayekaa chini.

Sasa turudi nyumbani, ambako kwa maoni yetu kazi ya kwanza ni ya kalamu kabla haijawa ya programu. Tuchukue kitu kidogo kabisa, karatasi za kuchapia. Ofisi moja huandika katika hati yake "karatasi, boksi 10". Ya pili huandika "rimu 50". Ya tatu huandika "A4, katoni 10", na ya nne, yenye karani mwenye haraka, huandika "vifaa vya ofisi" na jumla ya shilingi. Boksi la kawaida lina rimu tano, na rimu moja ina karatasi 500. Kwa hiyo huenda ofisi zote nne zimenunua kitu kile kile na kwa idadi ile ile. Lakini mashine haijui hivyo. Kwake ni vitu vinne visivyo na uhusiano, na bei zake haziwezi kulinganishwa. Fanyeni hivyo kwa dawa, kwa mipira ya magari, kwa nondo na kwa wino wa printa, na daftari la nchi nzima litakuwa kama soko ambalo kila muuza nafaka amekuja na pishi yake ya kienyeji.

Majina ya wauzaji nayo ni hivyo hivyo. Muuzaji yule yule leo huandikwa kwa jina kamili, kesho kwa vifupisho, keshokutwa kwa herufi iliyokosewa, na mwisho wa mwaka ameonekana kuwa watu watatu. Dawa yake ni nyepesi: kila hati iwe na namba ya mlipakodi, wala hati isiyokuwa nayo isipite. Kila bidhaa ya kawaida iwe na jina moja na kipimo kimoja katika ofisi zote za Serikali. Kila hati iwe na tarehe tatu, ya kuagiza, ya kupokea na ya kulipa. Mambo haya hayahitaji mkopo wala mshauri kutoka ng'ambo. Sisi tuliosomea chuoni kabla ya skuli tulifundishwa mapema kwamba aya ndefu kuliko zote katika Msahafu yahusu kuandikiana madeni, na kwamba iko sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Kuandika sawasawa kulikuwa kwetu jambo la dini kabla halijawa la Hazina.

Vipimo vikishakuwa vimoja, yataonekana mengi kwa hesabu za kutoa na kujumlisha tu. Tutoe mfano wa kubuni. Tuseme kanuni inasema ununuzi unaozidi shilingi milioni 10 upitie zabuni ya wazi, na wa chini ya hapo ufanywe kwa kuomba bei kwa wauzaji wachache. Katika ofisi inayonunua kwa uadilifu, thamani za hati zake zitasambaa, nyengine milioni mbili, nyengine saba, nyengine kumi na tatu. Tukikuta kwamba ofisi fulani ina hati nyingi za milioni tisa na laki tisa, na karibu hapana za milioni kumi na kidogo, tuna haki ya kuuliza. Na tukikuta hati tatu za milioni tisa na ushei, kwa muuzaji mmoja, kwa bidhaa moja, katika wiki moja, basi hata mtoto wa darasa la sita ataona kwamba ni ununuzi mmoja uliokatwa vipande.

Lakini hapa yatupasa tutoe tahadhari, kwani chombo kilichopimwa kwa nchi kubwa hakitufai hivi hivi. Wataalamu wa nchi nyengine huihesabu zabuni iliyopata mshindani mmoja tu kuwa ni alama ya hatari. Kwa Korea au Brazil ni sawa. Lakini sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 1,889,773, Unguja na Pemba. Ziko bidhaa ambazo Visiwani zina wauzaji wawili tu, na Pemba ana mmoja. Chombo kitakachopiga kelele kwa kila zabuni ya mshindani mmoja kitapiga kelele kwa Pemba nzima kutwa kucha, na kelele ya kila siku hatimaye haisikiwi. Vivyo hivyo, mfuko wa saruji uliopakiwa, ukavuka bahari, ukapakuliwa Mkoani au Wete na kupanda gari mpaka skuli ya kijijini hauwezi kuwa na bei ya Darajani. Afisa Mdhamini asifanywe mshitakiwa kwa sababu ya nauli ya bahari. Yafaa bei ya mali na bei ya usafiri ziandikwe mbali mbali. Hapo itajulikana ni ipi iliyopanda, na kama nauli yenyewe ndiyo iliyogeuzwa pango la kufichia faida.

Udogo wetu una upande mwengine pia. Nchi kubwa haina budi kuchagua hati chache na kuziacha nyingi. Sisi tunaweza kuzisoma zote. Na tunacho kipimo cha kulinganishia kilicho karibu mno hata tunakisahau: Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hukusanya bei za madukani na masokoni kila mwezi kwa ajili ya kupima mfumko wa bei. Mchele, sukari na mafuta ya kupikia yanayonunuliwa kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali yana bei yake katika hati, na yana bei yake sokoni mwezi ule ule. Zikiwekwa pamoja, mnunuzi wa jumla anayelipa zaidi ya mama wa nyumbani anayenunua kilo mbili atatakiwa aeleze.

Huenda akawa na maelezo. Na aghalabu maelezo hayo yatakuwa ni ya aibu kwa Serikali yenyewe, wala si kwa muuzaji. Tuliseme bila kificho, kwani ndugu zetu wafanyabiashara hulisema kila siku barazani: Serikali huchelewa kulipa. Muuzaji anayetegemea kulipwa baada ya miezi minane hauzi kwa bei ya mtu anayelipwa leo. Huongeza bei ya kungoja, huongeza riba ya mkopo aliouchukua ili duka lisifungwe, na huongeza nauli za kwenda na kurudi kuifuatilia fedha yake. Hayo yote hulipwa na mwananchi kwa jina la bei ya madawati. Ubaya wake hauishii hapo. Mfanyabiashara mdogo mwaminifu hawezi kungoja, hujitoa. Hubaki mwenye mtaji mkubwa, au yule aliye na mtu wake ndani wa kuisukuma hati yake ifike mbele. Washindani hupungua, na sisi hushangaa kwa nini zabuni zetu hazina ushindani. Ile tarehe ya kupokea na ile ya kulipa, ambazo kila ofisi inazo, zikitolewa moja katika nyengine zitatupa idadi ya siku. Zipangeni ofisi kwa idadi hiyo, na huenda baadhi ya wanaolalamikia ulanguzi kwa sauti kubwa wakajikuta kileleni mwa orodha.

Tunafahamu kwamba wako maafisa wa ununuzi wanaoyasoma haya kwa moyo mzito. Wengi wao ni watu wa kipato kidogo waliokabidhiwa saini kubwa. Huogopa kwamba nambari itawatia hatiani wasipate wa kuwasikiliza. Kwa hao twasema kwamba alama ya hatari ni swali, na swali lazima liwe na muda wa kujibiwa kwa maandishi kabla jina la mtu halijatajwa popote. Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Kuhujumu Uchumi iitwe pale jibu linapokosekana. Lakini karani mwadilifu ana faida nyengine katika hesabu hizi ambayo haisemwi. Mara ngapi karani huyo hupigiwa simu na mkubwa, akaambiwa amtazame fulani? Na hapa hatutawasaza watu wa safu zetu wenyewe. Wamo makada wanaoamini kwamba kadi na miaka ya kutumikia ni sehemu ya sifa za mzabuni. Karani hawezi kumjibu mkubwa kwa maneno. Anaweza kumjibu kwa kusema kwamba bei hii, nikiiandika, itaonekana kesho asubuhi mbele ya bei za ofisi nyengine zote, na jina lililo chini yake ni langu. Ni ngao ndogo, lakini leo hana hata hiyo.

Ngao hiyo haifanyi kazi iwapo takwimu zitafungiwa chumbani mwa wataalamu. Slovakia, tangu mwaka 2011, mkataba wa umma haupati nguvu ya kisheria mpaka uwe umechapishwa hadharani. Ukraine iliwalazimisha wanunuzi wa umma kuutumia mfumo wake wa wazi mwaka 2016, na mwaka huo huo raia wakaanzisha mahali pa kuzichambua zabuni hizo na kuzitilia alama zile zenye mashaka. Hatusemi kwamba nchi hizo zimekuwa bustani ya uaminifu; hazikuwa. Twasema kwamba huko mwalimu, mwandishi wa habari au muuzaji aliyeshindwa anaweza kuuliza akiwa na karatasi mkononi. Kwetu wapo wanaosema bei ni siri ya biashara. Bei ya muuzaji kabla zabuni haijafunguliwa ni siri, na lazima ilindwe hivyo. Bei ambayo Serikali imeshailipa kwa fedha ya kodi haina usiri wowote, isipokuwa katika mambo machache ya ulinzi ambayo sheria huyajua.

Kuhusu pa kuanzia, tusingependa kuona tume mpya wala semina ya siku tatu hotelini. Zichaguliwe bidhaa kumi ambazo karibu kila ofisi huzinunua: karatasi, wino, madawati, saruji, nondo, dizeli, mipira ya magari, mchele, sukari, glavu za hospitali. Kwa kila miezi mitatu, Mamlaka ya Ununuzi na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu zitoe jedwali la ukurasa mmoja lenye jina la ofisi, kipimo, bei ya kipimo kimoja, idadi ya walioshindana na siku zilizopita kabla ya malipo. Maafisa Masuuli ambao bei zao zimepanda juu sana ya wenzao wapewe siku 30 za kueleza, na maelezo yao yachapwe karibu na bei hizo. Jedwali libandikwe katika ofisi za Wilaya za Unguja na Pemba na kwa masheha wote, si katika kompyuta peke yake, maana wako wazee wengi wanaojua hesabu na hawana simu ya kisasa.

Mkutano wa bajeti wa Baraza la Wawakilishi hufanyika kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Jedwali la kwanza likiwahi kuwekwa mezani mwa wajumbe kabla ya Wizara kusimama kuomba mafungu yao, wataweza kumuuliza kila Waziri, bidhaa kwa bidhaa, kwa nini rimu yake ina bei ile. Nafasi ya kulichapa katika gazeti hili, bila ya malipo, ipo.